Hela ya mfadhili ina tabia zake, zijue kabla hujaandika andiko

Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya vikundi hapa Dar, naamini na wewe ushaupata maana mimi naletewa na watu ambao hata hawajuani. FURSA FURSA FURSA, ruzuku kwa vikundi vya wanawake na vijana, hadi milioni 200, mwisho Ijumaa, changamkia. Chini kuna linki. Ukibonyeza, mara nyingi tangazo ni la kweli kabisa na mfadhili ni wa kweli, ila dedilaini ilipita mwaka juzi, au linahusu mashirika ya Malawi, au linataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu mfululizo na nyie kikundi chenu bado kichanga na mweka hazina anatunza hela kwenye laini yake ya simu. Na chini ya ujumbe watu washajaa, "tunaombaje", "na sisi tumo", "mkuu nitumie fomu inboksi".

Mimi nasaidia vikundi kuandika maandiko, yaani yale maombi ya mradi yanayopelekwa kwa mfadhili, sanasana huku Temeke na Ilala, kuna wanaonilipa na kuna wanaonilipa chai na chapati, siyo mbaya. Na kitu ninachokisema mpaka watu wananichoka ni kwamba kila mfuko una tabia zake. Una vitu unavyopenda kununua na vitu usivyovigusa, una mwezi wake wa kuanza na mwezi wake wa kufa, una mtu unayemwamini na mtu usiyemwamini hata alie. Vikundi vingi nilivyoona vikinyimwa kazi yao ilikuwa nzuri tu, tatizo wameenda kuomba sukari dukani kwa fundi simu. Halafu wanarudi wanasema kuna upendeleo. Upendeleo upo, sikatai, ila siyo kila mahali.

Mchukue Mjapani kwanza maana ndiye anayetajwa sana mtaani. Ubalozi wa Japani una ule mpango wake wa misaada midogo ya ngazi ya chini, uko duniani tangu 1989, na huku kwetu watu wanaujua kwa vibao vyenye bendera kwenye madarasa, mabweni na vituo vya afya. Huyo anapenda kitu unachoweza kukigusa. Jengo, kisima, vifaa vya hospitali, gari la wagonjwa. Mishahara hagusi, kodi ya ofisi hagusi, mafuta ya gari hagusi. Anataka nukuu za bei kutoka kwa wauzaji watatu tofauti, anataka mmalize ndani ya kama mwaka mmoja, na hela ya kitu mlichokwisha kununua hakurudishii, kwa hiyo wale wa "tumeshaanza ujenzi mtusaidie kulipa deni la fundi" hapo hamna kitu. Na swali ambalo linawaangusha wengi ni nani atakitunza hicho kitu kikishakabidhiwa. Ukisema "jamii itatunza" umejimaliza mwenyewe. Jamii ipi? Nani anashika ufunguo, nani analipa bili ya umeme, pampu ikiungua hela inatoka wapi?

Canada wao wana Canada Fund for Local Initiatives, mfuko wa miradi midogo unaosimamiwa na ubalozi wenyewe hapa Dar, kiwango cha juu dola 100,000 za Kanada ila miradi mingi inapata chini ya hapo sana. Wao wanapenda haki za binadamu, usawa wa kijinsia, tabianchi, mambo ya namna hiyo, na hawana shida na semina wala mafunzo. Tabia yao kubwa ni kalenda. Mwaka wao wa serikali unaisha 31 Machi, kwa hiyo hela yao mara nyingi inatakiwa iwe imetumika mpaka mwishoni mwa Februari. Tangazo linatoka katikati ya mwaka, uchambuzi, mkataba, na ukija kushtuka umebaki na miezi michache ya kufanya kila kitu. Kikundi kinachoandika mradi wa miaka miwili hapo kimeonyesha tu kwamba hakijasoma. Na usisahau Desemba hapa kwetu hakuna kinachofanyika, nusu ya mji iko Moshi, Bukoba na Mbeya, watendaji wako likizo, kwa hiyo ule muda mfupi unapungua tena. Mimi ninapopanga ratiba kwa hela ya namna hiyo, tarehe 15 Desemba hadi 10 Januari naifuta kabisa kwenye karatasi.

Kwa mazingira kuna ule mpango wa ruzuku ndogo wa GEF, mfuko wa dunia wa mazingira, unaosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ulianza 1992, na kwa miaka mingi kiwango chake cha juu kilikuwa dola 50,000 kwa mradi. Nakiri naupenda huu kuliko mingine, kwa sababu unajua kikundi cha jamii ni kitu gani. Nguvu kazi yenu inahesabika kama mchango. Mkichimba mtaro wenyewe, mkitoa kiwanja, mkitoa ukumbi wa mikutano, mnaviandika na vinapewa thamani. Na anayeamua siyo bosi mmoja, kuna kamati ya kitaifa ambayo wengi ndani yake hawatoki serikalini. Ila lazima shida yenu iwe ya mazingira kweli. Kuna kikundi cha ushonaji kiliniambia niweke sentensi moja kuhusu miti ili "iingie". Nikawaambia jamani miti na cherehani wapi na wapi.

Rotary, zile klabu za watu wanaojitolea kwa jamii, nao watu wanawaelewa vibaya. Unaona kisima kina nembo ya Rotary, unaandika barua kwa Rotary. Zile ruzuku zao kubwa za kimataifa haziombwi na kikundi chako, zinaombwa na klabu, na lazima ziwe klabu mbili za nchi mbili tofauti zimeshirikiana, bajeti yote ianzie dola 30,000. Kwa hiyo kazi yako wewe ni kumpata mwanachama wa klabu ya hapa mjini akupende, aje aone, akabebe wazo lako kwenye kikao chao. Hapo andiko la kurasa thelathini halina kazi, unahitaji mtu aliyekuja akaona kwa macho yake.

Halafu kuna wa nyumbani. Foundation for Civil Society inatoa ruzuku tangu 2003 na wao wamekaa zaidi kwenye utawala bora, ushiriki wa wananchi, haki. Women Fund Tanzania tangu 2008 wako kwa harakati za wanawake na wasichana. Mabenki nayo, NMB kwa mfano inatenga asilimia 1 ya faida yake baada ya kodi kwa ajili ya jamii, lakini angalia picha zao kwenye magazeti uone wanatoa nini: madawati, mabati, vitanda vya hospitali. Hawakupi cheki ukanunue mwenyewe, wanakupa mabati. Sasa wewe umeenda pale na andiko la mafunzo ya ujasiriamali, unategemea nini?

Nimeanza na hawa makusudi kwa sababu hela ambayo iko karibu kabisa na kikundi cha Dar siyo ruzuku, ni mkopo, nao watu wanauomba kama ruzuku. Nazungumzia asilimia 10 ya halmashauri. Sheria inasema halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba, hiyo imewekwa kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa tangu 2018. Mnakumbuka Aprili 2023 ilisimamishwa baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha madudu, mikopo isiyorudi, vikundi hewa, ikaja kurudi 2024 na utaratibu mpya ambapo halmashauri 10 za majaribio zinapitishia benki, Jiji la Dar es Salaam likiwemo. Kwa nini ilioza? Kwa maoni yangu moja ya sababu ni kwamba watu waliichukua kama zawadi ya serikali. Kuna dada aliniambia waziwazi, "ile si hela yetu ya kodi imerudi kwetu?" Dada, imerudi kwako iende na kwa mwenzio wa Chamazi.

Sasa hapa ndiyo nije kwenye kikundi kimoja cha Buza maana wao ndio walionifanya nilione hili jambo vizuri zaidi. Akina mama wanazoa taka. Wana mikokoteni, wanapita nyumba kwa nyumba, kila nyumba inalipa ada kidogo kwa mwezi, taka zinapelekwa sehemu ya kukusanyia, kutoka hapo gari la taka linazipeleka dampo Pugu Kinyamwezi. Mvua zikinyesha barabara za ndani kule mnazijua, mkokoteni haupiti, taka zinakaa nyumbani kwa watu, watu wanachoka wanazitupa mtaroni, mtaro unaziba, maji yanaingia ndani kwa hao hao waliotupa. Walitaka toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Wakaniita niwaandikie andiko la kwenda kwa Wajapani.

Mwenyekiti wao ni mama mtu mzima, ananiita mwanangu ingawa na mimi nina watoto wa sekondari.

"Mwanangu, Mjapani si anatoa magari? Tumeona ambulensi ina bendera yake pale."

"Anatoa mama. Ila mafuta ya toyo nani ataweka?"

"Si tutaweka sisi, kwani sasa hivi nani anazibia pancha mikokoteni?"

"Hela mnatoa wapi?"

Akamgeukia mweka hazina, dada mmoja mkimya, akatoa daftari kubwa la kaunta buku lenye gamba jekundu limechakaa. Ndani kuna kila nyumba, jina la baba mwenye nyumba au la mpangaji, mwezi kwa mwezi, nani kalipa, nani anadaiwa, nani kahama bila kulipa, hadi nani kasamehewa kwa sababu ni mjane au mgonjwa na kikao gani kilimsamehe. Miaka ya daftari hilo. Mimi nimefanya kazi na mashirika yana ofisi Mikocheni, ina kiyoyozi, hayana kumbukumbu za namna hiyo.

Tukakaa tukapiga hesabu. Toyo likifanya kazi linaongeza nyumba, nyumba zinaongeza ada, ada inalipa mafuta na dereva na inabaki. Yaani toyo ni biashara. Na kitu ambacho kitaleta hela, mimi ushauri wangu sikuzote ni mkikopee, msikiombee ruzuku. Kwanza kwenye ruzuku mtasubiri mwaka mzima mkishindana na nchi nzima kwa kitu ambacho mngeweza kukilipa wenyewe kidogo kidogo, pili mfadhili akiona kinaingiza faida anaanza kuuliza faida ya nani, na tatu heshima yenu ya kuomba mnaimaliza kwenye kitu kidogo. Ruzuku iwekwe kwa vitu ambavyo havitaleta shilingi hata siku moja na bado lazima vifanyike. Mtaro. Elimu ya kutenganisha taka shuleni. Glavu na buti. Choo cha wasichana. Kesi ya mtoto aliyebakwa inayohitaji mtu wa kufuatilia mahakamani mwezi baada ya mwezi, nani atalipa riba kwenye hilo?

Kwa hiyo tukagawa. Toyo likaenda kwenye asilimia 10, mtaro na elimu ya shule vikaandikiwa andiko lake la mazingira. Mama hakufurahi mara moja. "Kwa hiyo tunakopa mwanangu, tukishindwa?" Nikamwambia mama, mtu mwenye daftari lile hashindwi bila kujua mapema kwamba anashindwa. Toyo walipata, linapiga kazi. La mtaro bado tunalihangaikia.

Na andiko lenyewe lile la mtaro ilikuwa vita nyingine. Walishaandikiwa moja kabla yangu na kijana mmoja mtaalamu, limejaa "kuwajengea uwezo wadau katika muktadha wa ustahimilivu", kurasa na kurasa, hamna sehemu hata moja mtaro umetajwa una urefu gani. Tukaenda kuupima kwa futi kamba mimi na vijana wawili wa pale. Tukaandika unaanzia wapi unaishia wapi, unapita nyumba ngapi, uliziba mvua zipi, maji yalifika wapi kwenye ukuta wa shule. Msomaji wa maandiko anasoma mengi kwa siku na mengi yanafanana, ukimtajia mtaro wenye jina na urefu anaamka. Nao mtu wa bajeti akija kuangalia kama saruji mliyoomba inalingana na mtaro, inalingana.

Kuna watu huwa wananiambia shida ya watu wetu hawajui kusimamia hela. Hivi mnakaa Dar hii hii? Kamati ya harusi ni nini? Watu wanakaa ukumbini kila Jumapili kwa miezi, kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kuna bajeti imepigwa hadi idadi ya soda, kuna ahadi, kuna kadi, kuna mtu kazi yake ni kukupigia tu "mdau ahadi yako", dedilaini haisogei hata siku moja maana bibi harusi hasubiri, na mwisho siku ya kuvunja kamati ripoti inasomwa kimeingia nini kimetoka nini. Milioni 30 inakusanywa kwa watu wenye mishahara ya laki nne. Mfadhili gani anataka zaidi ya hapo? Uwezo tunao, tatizo tukisikia neno mfadhili tunaacha akili zote mlangoni tunaanza kuandika lugha ya semina.

Makaratasi nitayapitia haraka haraka maana yanachosha, ila bila hayo huendi popote. Kikundi cha kawaida kinasajiliwa halmashauri, kwa afisa maendeleo ya jamii, unaanzia kwa mtendaji wa mtaa akuandikie barua. Mkitaka kuwa shirika lisilo la kiserikali, NGO, ni Sheria Na. 24 ya 2002, kwa Msajili wa NGO, mnachagua ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Vyama vya kijamii viko wizara ya Mambo ya Ndani, wadhamini wako RITA, wakala wa serikali wa udhamini. Tangu marekebisho ya 2019 ukitaka kufanya kazi za NGO huwezi kujificha kwenye kampuni iliyosajiliwa BRELA, kwa wasajili wa biashara, kama zamani. Ripoti ya mwaka kwa Msajili ni kabla ya 15 Aprili, na hapa wengi wanafia, wanakaa kimya miaka miwili kwa sababu "hatukufanya shughuli", halafu fursa inatokea wanakuta hawapo hai kwenye mfumo. Hamkufanya shughuli, andikeni hatukufanya shughuli. Halafu kuna kanuni za 2018, mkipata zaidi ya milioni 20 mkataba unapelekwa kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusaini, na matumizi mnayatangaza hadharani. Watu wanailalamikia na mimi pia naona ni mzigo kwa kikundi kidogo, ila ipo.

Na TRA. Hili silipitii haraka maana limeua watu. Kuwa shirika la hisani siyo kusamehewa kodi. Hadhi ya hisani kwenye sheria ya kodi ya mapato ya 2004 unaiomba, Kamishna anaipima, anakupa au anakunyima. Na hata akikupa, ukilipa pango la ofisi unatakiwa ukate asilimia 10 ya kodi ya zuio uipeleke, mshauri mkazi ukimlipa unakata asilimia 5, mfanyakazi unamkatia PAYE yake, ile kodi ya mshahara. Sasa jaribu kumwambia baba mwenye nyumba wa Tandika kwamba laki mbili yake utampa laki moja na themanini. Atakutazama hivi, atakuuliza kama umelala vizuri. Halafu huyo huyo anataka miezi sita mkononi. Kinachofanyika kwa wengi ni shirika linaibeba lenyewe juu, na kama hamkuiweka kwenye bajeti inatoka mifukoni mwenu. Kwa hiyo wekeni kwenye bajeti, kodi ya zuio iwe imo tangu mwanzo, hakuna mfadhili makini atakayeishangaa.

Risiti nazo. Mfadhili anataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, na mradi wenu umetumia bodaboda, mama lishe, kibarua wa kuchimba, fundi wa kuchomelea aliye chini ya mwembe. Hao hawana mashine. Dawa yake ni fomu ya malipo yenye jina, namba ya simu, kiasi, kazi aliyofanya, sahihi au dole gumba, na mashahidi wawili, na mkataba uwe umesema mapema kwamba malipo ya chini ya kiasi fulani yatakubalika hivyo. Mapema, kabla ya kusaini. Ukiomba baada ya mkaguzi kufika unaonekana mwizi hata kama kila shilingi ilienda kwa mama lishe. Na mlipieni kwa simu inapowezekana, ule ujumbe wa muamala ni ushahidi ambao hauloi mvua.

Mwaka 2025 ulitufundisha kitu ambacho hata sisi wa maandiko tulikuwa tunakijua kwa mdomo tu. Tarehe 20 Januari Marekani ikatangaza kusimamisha misaada ya nje siku 90, zikaja barua za simamisha kazi, na ilipofika 1 Julai USAID, shirika lao la misaada, ikawa haipo tena, vilivyobaki vikahamia wizara yao ya mambo ya nje. Watu wa miradi ya afya hapa Dar waliamka asubuhi hawana kazi. Wahudumu wa kujitolea waliokuwa wanafuatilia wagonjwa mtaani wakakaa nyumbani. Uingereza nao mwezi Februari mwaka ule wakasema wanashusha misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato lao hadi 0.3 ifikapo 2027. Sasa walioumia kuliko wote, nilivyoona mimi, ni mashirika yaliyokuwa yanapata hela nyingi kutoka sehemu moja, yana magari, yana wafanyakazi, na mwanachama mwenye kulipa ada hata mmoja hawana. Vikundi kama vya Buza havikuhisi chochote. Mama aliniuliza tu, "eti Wamarekani wamefanya nini?"

Na baada ya hapo foleni kwa waliobaki imekuwa ndefu kinoma. Mashirika makubwa ambayo zamani yasingehangaika na hela ya Canada au ya GEF sasa yanaziomba, na yana waandishi wa maandiko wa kulipwa. Kikundi kidogo kikiingia peke yake kinaonewa. Njia ninayoiona inafanya kazi ni kuingia chini ya mwavuli wa shirika lenye hesabu zilizokaguliwa, wao wanapokea na kuripoti, nyie mnafanya kazi, wanabaki na asilimia fulani ya uendeshaji. Ila muandikiane. Asilimia ngapi, hela inafika kwenu ndani ya siku ngapi, na jina la nani liko kwenye kibao. Hilo la kibao mnaweza kucheka ila nimeona watu wakigombana hadi kwa mkuu wa wilaya kwa sababu ya kibao.

Ambacho foleni ndefu imeleta kingine ni matapeli. Wanapiga simu, sauti nzuri, Kiswahili cha ofisini, wanajua jina la kikundi chenu na la mwenyekiti maana limebandikwa kwenye ubao wa kata. Mmechaguliwa kupata milioni 80, faili lenu liko mezani, tumeni laki na nusu ya kufungulia akaunti ya mradi. Mfadhili wa kweli hatozi hela ya kuomba, hatozi ya kufungua faili, hatozi ya "usafiri wa mkaguzi", na wala hajawahi kukuchagua kwa kitu ambacho hukuomba. Kuna na aina ya pili, huyu ni mwandishi wa maandiko kama mimi, anakwambia usinilipe sasa, hela ikitoka nikate asilimia 10. Wafadhili wengi hawaruhusu hiyo hela itoke kwenye mradi, kwa hiyo itabidi muipikie risiti, na mkishapika risiti moja huyo mtu amewashika milele. Mlipeni kabla, kidogo, au mpeni chapati.

Kama hamna uhakika na tangazo, ofisi zenyewe haziko mbali kihivyo. Canada iko pale mjini Garden Avenue, Japani iko barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Mlangoni hamtaingia bila miadi na mlinzi hatakuwa na muda na nyie, ila kurasa zao rasmi zinasema wazi dirisha limefunguliwa au limefungwa, barua pepe zipo, mnauliza swali moja fupi: tangazo hili ni lenu, na kikundi kilichosajiliwa halmashauri tu kinaruhusiwa kuomba? Wakijibu hapana, mmeokoa wiki tatu za kuandika. Wakijibu ndiyo, nitafuteni, ila njooni na mweka hazina, mwenyekiti peke yake hanitoshi.